Je, Wajua? Maua Yanayoliwa na Sahani ya Matunda ya Mpanda

Je, wajua kwamba kila aliyekula pilau ameshakula ua? Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Ndiyo maana wakulima wa Unguja na Pemba hukimbizana na siku: tumba likishafunguka mtini, thamani yake inashuka. Anayedhani kula maua ni mambo ya hoteli za Ulaya aanze kwa kufungua kopo lake la viungo.

Je, wajua kwamba zafarani nayo ni ua? Zile nyuzi nyekundu ni ncha za sehemu ya kike ya ua, na kila ua linatoa tatu tu. Inakadiriwa kuwa kilo moja ya zafarani kavu huhitaji maua kama 150,000, yote yakichumwa kwa mkono. Bei yake basi isikushangaze.

Na nanasi je? Nanasi moja ni maua 100 hadi 200 yaliyoungana yakawa tunda moja. Kila jicho unalolitoa kwa kisu ni mahali lilipokuwa ua. Fenesi ni hivyohivyo. Kuyu, tunda la mkuyu unaoota kandokando ya mito, linakwenda mbali zaidi: maua yake yamefichwa ndani ya tunda lenyewe, na hakuna anayeyaona mpaka alipasue.

Je, wajua kwamba Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa, makao yake makuu yakiwa Mpanda? Wilaya zake ni Mpanda, Mlele na Tanganyika. Sehemu kubwa ya mkoa ni msitu wa miombo, na miombo ni bustani ya maua hata kama wengi wetu tunaiona kuwa kuni na mkaa. Miti yake mikubwa huchanua vijiua vidogo visivyovutia macho ya binadamu, lakini nyuki wanavijua vyema. Asali ya Inyonga, kule Mlele, inatoka kwenye maua hayo.

Hesabu ya nyuki inatia adabu. Nyuki mfanyakazi mmoja, katika maisha yake yote, hutengeneza asali isiyofika hata sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Nusu kilo ya asali hukadiriwa kuwa kazi ya kutembelea maua milioni mbili hivi. Ukimwaga asali ya Inyonga juu ya vipande vya papai, umeshaweka msitu mzima wa maua juu ya sahani hata kabla hujagusa petali moja.

Mizengo Pinda, mzaliwa wa Katavi aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliuhimiza sana ufugaji nyuki nchini. Sifa ya asali ya magharibi mwa nchi imeshajengeka. Kinachobaki nyuma ni namna tunavyoiandaa mezani: bado tunaipakua kwenye chupa ya maji iliyotumika, halafu tunashangaa mgeni akisita.

Tahadhari moja isisahaulike: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata kidogo. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvikabili.

Je, wajua kwamba boga lina maua ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja? La kike lina kiboga kidogo chini yake. La kiume limekaa juu ya kikonyo chembamba kirefu. Ya kiume ni mengi zaidi, na hayazai. Unaweza kuyachuma mengi, ukaacha machache ya kutoa chavua, na usipunguze mavuno hata kwa boga moja. Huchanua alfajiri na kufikia adhuhuri yamesinyaa, kwa hiyo ua la boga ni kazi ya mpishi anayeamka mapema. Toa chavua na kijiti cha katikati, suuza taratibu, angalia kama kuna mdudu ndani, kisha lichane vipande virefu vya rangi ya machungwa juu ya embe lililokatwa. Ladha yake ni ya upole sana. Halishindani na tunda, na hilo ndilo ninalolipenda.

Mlonge je? Wengi wanajua majani. Maua yake meupe nayo huliwa, ila ni bora yapitishwe kwenye moto kidogo kwanza.

Bamia ni ndugu wa karibu wa haibiskasi. Ua lake la manjano hafifu lenye moyo wa zambarau huishi siku moja tu, na linaliwa. Ukilichuma, bamia hiyo hutaipata, chagua mwenyewe.

Alizeti, ambayo msimu wa mvua huyapaka mashamba ya Katavi rangi ya manjano, ina petali zinazoliwa. Ni chungu kidogo, hivyo huwekwa chache, zimetawanywa, kwenye kitu kitamu kama ndizi mbivu. Kile kinachoonekana kuwa ua moja la alizeti ni mamia ya vijiua vilivyobanana. Kila mbegu ni kijiua kimoja.

Maua ya mrehani ni meupe au ya zambarau, madogo sana, na yana harufu ileile ya majani kwa nguvu zaidi. Matatu tu juu ya tikiti maji yanatosha.

Je, wajua kwamba mpapai dume, ule unaokatwa kwa sababu hauzai, una kazi jikoni? Nchini Indonesia, hasa Sulawesi ya Kaskazini, maua ya mpapai hupikwa kama mboga. Yana uchungu, hivyo huchemshwa kwanza. Kwenye kitindamlo sishauri. Lakini kuuhukumu mti wote kwa kuwa haukubeba papai ni haraka mno.

Tuje kwenye choya, maana hapa ndipo penye utajiri. Je, wajua kwamba ile sehemu nyekundu ya choya tunayoichemshia juisi si petali? Petali za choya ni za manjano hafifu au waridi, huchanua siku moja na kuanguka. Baada ya hapo, kile kikombe cha kijani kilichokuwa kimelishika ua hunenepa, huwa chekundu na kujaa uchachu. Ndicho tunachokivuna. Asili ya mmea huu ni Afrika. Leo Misri wanaunywa kwa jina la karkade, Senegali kwa jina la bisap, na Meksiko hawana sherehe isiyo na gudulia lake. Kila mmoja kati yao ameushika akaufanya wake, nasi tulio kwenye asili yake tunautia kwenye chupa za plastiki na kuufikisha hapo tu.

Kwa sahani, fanya hivi. Chukua vikombe vya choya vibichi, vikubwa, visivyopasuka. Sukuma kutoka chini ili kile kitovu cha mbegu kitoke juu na kikombe kibaki kizima. Andaa shira ya sukari na maji kwa kiasi sawa, tia vikombe, acha kwenye moto mdogo kwa robo saa hivi mpaka vilainike bila kuvunjika, kisha viache vipoe humohumo ndani ya shira. Kikombe kimoja kikisimamishwa katikati ya sahani nyeupe hujifungua chenyewe kuwa ua. Ndani yake jaza vipande vidogo vya embe au nanasi. Shira iliyobaki, nyekundu nzito, idondoshe pembeni kwa kijiko. Hakuna duka la vipambo lililotumika hapo, na uzuri wake unashinda cheri za kopo zinazoletwa kutoka mbali.

Rangi ya choya inatokana na kemikali ziitwazo anthosiani, na rangi hizo hubadilika kufuata uchachu. Kamua limau, wekundu unang'aa. Tia chembe ya magadi, unageuka zambarau iliyofifia kuelekea samawati na hata kijani. Mpishi asiyejua jambo hili huosha sufuria yenye mabaki ya magadi kwa haraka, akapikia choya, halafu akashangaa juisi imekuwa ya rangi ya mavumbi.

Je, wajua kwamba ua la mgomba linaweza kuwa sahani? Yale magamba ya zambarau yanayofunika vijiua vya ndizi yamejikunja yenyewe kama mtumbwi. Loweka gamba kwenye maji ya limau ili utomvu usiache madoa, futa, kisha pakua humo saladi ya matunda. Hata kwa mkulima ni faida: wataalamu wa kilimo wanashauri kukata ua dume lililobaki mwishoni mwa mkungu mara ndizi zikishatoka, kwa sababu wadudu wanaolitembelea huweza kusambaza mnyauko wa bakteria ulioumiza migomba Uganda na Kagera. Likatwe kwa kijiti chenye panda, lisikatwe kwa panga lililotoka kwenye mgomba mwingine.

Sasa sehemu ambayo lazima isomwe polepole.

Je, wajua kwamba uzuri wa ua hausemi chochote kuhusu usalama wake? Katika misitu ya miombo, mvua zikishika, huchanua ua jekundu lenye kingo za manjano na petali zilizopinda kwenda juu. Wataalamu wanaliita Gloriosa superba, na ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Mmea wake wote una kolkisini, dawa ambayo kwa dozi ndogo sana hutumika hospitalini kutibu jongo, na kwa dozi kubwa kidogo huua. Watoto wanaolileta nyumbani wafundishwe kulitazama tu, na wanawe mikono.

Nerium oleander, ule mti wa mapambo wenye maua ya waridi na meupe unaopandwa kwenye nyua za ofisi na kando ya barabara, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, kuanzia jani hadi ua. Ndugu yake mwenye maua ya manjano, anayepandwa kama uzio, ni hivyohivyo. Maua makubwa yanayoning'inia yaitwayo tarumbeta huleta kuweweseka na kupoteza fahamu. Lantana, ile ya vijiua vya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, isiingie jikoni. Franjipani ina utomvu mweupe unaowasha. Harufu yake nzuri ibaki kwenye shada.

Na shamba la tumbaku, ambalo watu wa Katavi wanalijua? Ua la tumbaku ni zuri, la rangi ya waridi, na mkulima hulikata ili nguvu ziende kwenye majani. Yale yaliyokatwa yasiokotwe kupambia chochote kinacholiwa, maana mmea mzima una nikotini. Maua ya nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo, mimea ya ukoo mmoja na tumbaku, nayo tuyaache yazae.

Je, wajua kwamba hata waridi linaloliwa linaweza kuwa sumu? Waridi la kununua kwenye duka la maua limelimwa kwa ajili ya chombo cha maji, na mashamba ya maua ya biashara hupulizia dawa ambazo hazikupimwa kwa mlaji. Kanuni ni moja na haina nafasi ya huruma: ua la kula ni lile ulilolipanda mwenyewe, au unayemjua amelipanda bila dawa, mbali na vumbi la barabara. Usilolijua kwa jina na kwa sura, usiliweke karibu na chakula hata kama hutarajii mtu alile. Mgeni hula kila kilichopo kwenye sahani. Ni haki yake.

Mwenye pumu au mzio wa chavua aulizwe kwanza. Toa vijiti vya ndani vyenye unga wa manjano, weka petali peke yake.

Je, wajua kwamba sahani nyeupe hufanya kitindamlo kionekane kitamu zaidi? Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti ambao Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford alishiriki. Watu walipewa kitindamlo kilekile cha stroberi, kwenye sahani nyeupe na kwenye sahani nyeusi. Kile cha sahani nyeupe walikiona kina utamu zaidi kwa takriban asilimia 10. Hakuna aliyeongeza sukari. Kwa hiyo sahani za kawaida nyeupe zinazouzwa sokoni Mpanda zina faida kuliko zile zenye maua yaliyochorwa, ambayo hushindana na maua ya kweli.

Mwaka 2014 watu wa Oxford walirudi na jaribio jingine. Saladi ya vitu vilevile ilipangwa kwa namna tatu: ikiwa imechanganywa tu, ikiwa imepangwa kwa safu nadhifu, na ikiwa imepangwa kufuata mchoro wa Wassily Kandinsky. Ile ya mchoro ilipewa alama za juu za ladha, na watu walisema wangekuwa tayari kuilipia zaidi. Mama lishe anayeuza bakuli la matunda ya kukata pale stendi asiione hii kuwa habari ya wakubwa. Tikiti maji, papai na ndizi zilezile, zikipangwa badala ya kuchanganywa, zinaweza kumletea bei nyingine.

Wapishi wengi hufundishwa kwamba vipande kwenye sahani viwe witiri: vitatu au vitano, kamwe visiwe vinne. Je, wajua kwamba utafiti wa mwaka 2016 haukuiunga mkono kanuni hiyo? Walaji hawakujali witiri wala shufwa. Walichokipenda zaidi ni sahani yenye chakula kingi zaidi. Nina furaha kwamba sayansi imewathibitisha bibi zetu.

Marie-Antoine Carême, mpishi Mfaransa aliyeishi kati ya 1784 na 1833, alijifunza michoro ya majengo ya kale ili ajenge vitindamlo vyenye umbo la mahekalu. Auguste Escoffier, mwanzoni mwa miaka ya 1890 pale hoteli ya Savoy, London, alimwandalia mwimbaji Nellie Melba pichi na aiskrimu juu ya bata maji aliyechongwa kwa barafu. Karibu mwaka 1980, Michel Bras wa kijiji cha Laguiole, Ufaransa, alianza kupakua sahani ya mboga, majani na maua ya mashambani mwake, aina kwa makumi, kila moja ikiwa imeandaliwa peke yake. Huyu wa tatu ndiye wa kutufaa. Hakuagiza kitu kutoka mbali. Alitembea kwenye nyasi za kwao akaokota kilichokuwa kimechanua siku hiyo.

Je, wajua kwamba ukikosa ua unaweza kulikata kwenye embe? Chukua embe lililoiva lakini gumu kidogo, menya, kata shavu lake vipande vyembamba sana kwa mapana, viegemeze kimoja juu ya kingine kwa mstari mrefu, kisha ukunje mstari huo kuanzia ncha moja. Unapata waridi la embe. Embe lenye nyuzi nyingi halikubali. Chagua dodo au aina nyingine yenye nyama laini.

Utomvu wa embe una kemikali za jamii ileile inayowasha kwenye ganda la korosho, na miti hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Kama midomo yako huwasha msimu wa maembe, tatizo mara nyingi ni ganda na utomvu wa kikonyo. Menya, osha, kisha kula.

Kwenye shada moja la maua ya mwembe kuna mamia, wakati mwingine maelfu, ya vijiua, na kwa kawaida hata kimoja katika mia hakifiki kuwa embe. Na mengi kati ya hayo machache yaliyofika, Novemba hadi Januari, huozea chini ya miti yetu. Hili linaniuma.

Je, wajua kwa nini jeli yenye nanasi bichi haigandi? Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini kinachokatakata protini, na jelatini ni protini. Papai linacho papaini, lenye kazi hiyohiyo. Chemsha nanasi kwa dakika chache, kimeng'enya kinakufa, na jeli inaganda. Njia nyingine ni kutumia agari, inayotokana na mwani na isiyo protini kabisa. Mwani unaolimwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989 hutoa karajini, nayo hugandisha vitindamlo vya maziwa viwandani duniani kote.

Ndizi na parachichi hugeuka kahawia kwa sababu hewa inakutana na kimeng'enya kilichokuwa kimefungiwa ndani ya chembechembe za tunda. Ndimu huchelewesha, haizuii milele. Kata mwisho.

Chumvi kidogo juu ya embe, ile ya wauzaji wa barabarani, hupunguza ulimi kuhisi uchungu, na utamu unajitokeza. Ni sayansi kamili iliyofungwa kwenye kijipakiti cha nailoni pamoja na pilipili.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Taifa ya Katavi inabeba jina la roho iliyo kwenye mti wa tunda? Kwa masimulizi ya Wabende, roho aitwaye Katabi anaishi ndani ya mkwaju, na hadi leo wapo wanaofika na kuacha sadaka wakiomba baraka. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Ndani yake huruhusiwi kuchuma ua wala tunda, na iwe hivyo; viboko wa mto Katuma na tembo wanategemea kilichomo.

Lakini ukwaju wa sokoni ni wako. Una asidi ya tataria kwa wingi kuliko matunda mengi, ndiyo maana uchachu wake ni mzito na hauishi mdomoni upesi. Loweka, chuja, chemsha na asali mpaka uwe rojo linaloshikamana na kijiko. Mstari mmoja wa rojo hilo chini ya vipande vya papai, na ua la boga juu, ndiyo sahani ambayo ningempa mgeni yeyote anayeshuka Mpanda kwa treni ya Tabora.

Matunda ya porini nayo yana zamu. Mbura, makusu, matonga na furu zimelisha watu wa miombo kabla ya shamba la kwanza. Tonga lina ganda gumu ambalo likipasuliwa kwa uangalifu huwa bakuli. Kula nyama, usitafune mbegu. Makusu huja na mvua za mwanzo, yana utamu wa asali na ngozi ya kahawia inayodharaulika. Sijaona bado hoteli ya Mpanda iliyoyaweka kwenye orodha ya vyakula vyake. Ningependa sana kuiona.

Poda ya ubuyu iliruhusiwa kuuzwa katika Umoja wa Ulaya kama kiungo kipya cha chakula mwaka 2008. Huko hunyunyizwa juu ya vitindamlo kwa bei ya kushangaza. Ua la mbuyu huchanua usiku, jeupe, likining'inia, na popo ndio wanaolichavusha.

Je, wajua kwamba pwani ya Waswahili imeyafanya maua kuwa sanaa kwa karne nyingi, ila zaidi kwa pua kuliko kwa ulimi? Vikuba vya asumini, mkadi na mrehani huvaliwa kifuani na kwenye nywele. Mdomoni, ua huingia kupitia marashi ya waridi kwenye halua. Oman, kwenye milima ya Jabal Akhdar, mawaridi huvunwa takriban Machi hadi Mei na kupikwa kwenye vyungu mpaka mvuke wake utoe marashi. Matone mawili ya marashi safi ya kula juu ya machungwa yaliyomenywa, na petali moja, yanatosha. Yakizidi, utakula sabuni.

Vanila ni tunda la okidi. Ua lake hufunguka siku moja tu, na nje ya Meksiko halikuwa likizaa ipasavyo mpaka mwaka 1841, pale mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, kwenye kisiwa cha Réunion, alipogundua namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Vanila ya Kagera leo inazalishwa kwa mbinu yake.

Okidi nyingine zina habari ya kusikitisha. Viazi vya okidi za Nyanda za Juu Kusini vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa kupitia Tunduma kwenda Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Hifadhi ya Kitulo, iitwayo Bustani ya Mungu, ilianzishwa rasmi mwaka 2005, na okidi hizo ni miongoni mwa sababu. Kuchuma ua la boga hakuui mboga. Kung'oa mzizi kunaua mmea. Mpishi ajue tofauti hiyo kabla hajaitwa msanii.

Je, wajua kwamba petali zinaweza kukaushwa na sukari zikadumu kwa wiki nyingi? Wengi hutumia ute wa yai bichi. Njia salama zaidi, na ya zamani, ni gundi ya mgunga, ile itokayo kwenye Acacia senegal: iyeyushe kwenye maji kidogo, paka kila petali kwa brashi laini, nyunyiza sukari iliyosagwa, anika mahali pakavu. Kiangazi cha Mpanda, kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa yake kavu hufanya kazi hiyo bure.

Na kwa asiye na friji: Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati. Maji yakigeuka mvuke, chungu cha ndani kinapoa. Kadiri hewa inavyokuwa kavu, ndivyo kinavyopoa zaidi. Maua yaliyochumwa alfajiri, yakifunikwa kitambaa kibichi humo ndani, hufika chakula cha mchana yakiwa hai.

Wapambaji wa kumbi za Mpanda, mnaopanga maua ya plastiki juu ya meza za harusi: mwaka huu zungumzeni na wanaolima. Choya hupandwa mvua zikianza na huchanua siku zinapofupika; vikombe vyake huwa tayari miezi minne hadi sita baada ya kupanda, na vikikaushwa hukaa mpaka msimu wa maembe unaofuata. Mashimo machache nyuma ya nyumba yanatosha. Pandeni Novemba.